Anayelipiwa karo ana deni gani kwa jamii?

Kuna maswali matatu ambayo mwanafunzi yeyote anayeomba kulipiwa masomo ya chuo kikuu hana budi kuyajibu. La kwanza lahusu nafasi yake katika maisha ya chuo: ni mwanachama wa chama kipi, ameshika wadhifa gani, amewaongoza wenzake katika jambo lipi? La pili lahusu huduma yake kwa jamii. La tatu lahusu kazi anayonuia kuifanya baada ya kuhitimu. Fomu hutofautiana kwa rangi na kwa nembo, lakini maswali huwa ni yayo hayo, yawe yameulizwa na shirika la kigeni, benki ya hapa nchini, kanisa au msikiti.

Nimekuwa mhadhiri wa isimu kwa muda wa kutosha kuzisoma fomu hizo kwa mamia na kuandika barua nyingi za mapendekezo. Sina ugomvi na maswali yenyewe. Ni maswali ya maana. Kinachonitia wasiwasi ni namna tulivyowazoesha vijana wetu kuyajibu. Tumewafunza kuamini kwamba anayestahili kusaidiwa ni yule mwenye orodha ndefu ya vyeo na maneno mazito. Matokeo yake ni kwamba mwenye maneno hufaidi, na mwenye vitendo hupitwa. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitafakari leo, walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wetu, maana linagusa haki ya watoto wa wanyonge.

Fadhila au dhamana?

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Hapa Kenya twasema ufadhili wa masomo, na anayeutoa ni mfadhili. Neno hili latokana na fadhila, yaani wema ambao mtu hutendewa pasipo yeyote kulazimika kuutenda. Wengine, hasa ndugu zetu wa Tanzania, hupenda kusema udhamini, na anayeutoa wakamwita mdhamini. Neno hilo latokana na dhamana, yaani ahadi au kitu kinachowekwa ili mtu mwingine aaminiwe. Pia lipo neno basari, ambalo limezoeleka sana katika ofisi za machifu na za wabunge, na ambalo mzazi hulitamka akiwa tayari ameshika bahasha ya barua mkononi.

Waweza kudhani kwamba maneno haya ni pacha, lakini kila moja lina mzigo wake. Fadhila hudai shukrani. Asiyeshukuru huambiwa kwamba shukrani ya punda ni mateke, na mambo huishia hapo. Dhamana hudai zaidi ya shukrani. Anayekudhamini amesimama mbele ya watu akasema, "Huyu namjua, na nitamjibia." Ukienda mrama, aibu ni yake pia. Fauka ya hayo, fadhila hurejeshwa kwa aliyeitoa, ilhali deni la dhamana laweza kulipwa kwa mtu wa tatu ambaye hata hakuwapo wakati ahadi ilipotolewa.

Kwa maoni yangu, msaada wa masomo ni fadhila kwa jina na dhamana kwa tabia. Hapo ndipo unapotofautiana na mkopo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1995, humkopesha mwanafunzi na kumdai baadaye. Deni hilo lina tarakimu na lina mwisho. Ukilipa shilingi ya mwisho umeachana nayo. Deni la mfadhiliwa halikuandikwa popote. Yale maswali matatu ya fomu ni jaribio la wafadhili la kuliandika.

Lipo neno jingine ambalo hutupotosha. Tunapotafsiri swali la pili twasema huduma kwa jamii. Katika Kiswahili, jamaa, jamii na jumuiya ni maneno ya ukoo mmoja, yote yakitokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukusanyika. Na Ijumaa ni ya ukoo huo huo. Kwetu sisi, mpaka kati ya jamaa na jamii si ukuta wa mawe. Mwanafunzi anayeikata posho yake kila mwezi ili mdogo wake asifukuzwe shuleni ameihudumia jamii, wala hajui kwamba katika fomu jambo hilo halihesabiwi. Anaandika kwamba hajafanya lolote. Na mwenzake aliyekwenda siku moja katika makao ya watoto mayatima, akapeleka unga na sabuni na kurudi na picha kumi, anajaza ukurasa mzima.

Funzo la mwaka 1960

Historia yetu ina mifano ya kutufunza. Mnamo Septemba 1959, ndege iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kuelekea Marekani. Mhimili wa mpango huo alikuwa Tom Mboya, naye alisaidiwa na marafiki wa huko, miongoni mwao mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 za kuuendeleza. Kufikia mwaka 1963 wanafunzi wapatao 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafirishwa. Nafasi za Makerere zilikuwa chache mno, na Chuo Kikuu cha Nairobi hakikupata kujitegemea kwa jina hilo hadi mwaka 1970.

Tunapoikumbuka safari hiyo, aghalabu twawataja wakubwa waliolipa nauli. Twasahau kwamba upo mchango mwingine usioandikwa katika vitabu vya hesabu. Wazazi waliuza mifugo. Vijiji vilifanya michango ya chai na ngoma ili kijana asifike ugenini mikono mitupu. Aliyepanda ndege hakuwa amefadhiliwa na tajiri wa Marekani peke yake. Alikuwa amedhaminiwa na kijiji kizima.

Katika kundi la mwaka 1960 alikuwamo msichana wa miaka 20 kutoka Ihithe, Nyeri, aliyekuwa amemaliza masomo yake Loreto, Limuru. Alipelekwa katika chuo cha Mount St. Scholastica mjini Atchison, jimbo la Kansas, akasomea biolojia na kuhitimu mwaka 1964. Kisha akafanya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Huko alijulikana kwa jina la ubatizo, Mary Josephine. Aliporejea nyumbani mwaka 1966 alilirudia jina alilopewa na wazazi wake, Wangari, na ndilo ambalo ulimwengu ulikuja kumjua kwalo.

Alirudi akiwa ameahidiwa kazi chuoni Nairobi, kumbe kazi ile amekwisha kupewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini kwamba alinyimwa kwa sababu ya jinsia na kabila. Hakukata tamaa, alipata nafasi katika idara ya anatomia ya mifugo chini ya Profesa Reinhold Hofmann, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamifu, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kuifikia. Alipokuwa mhadhiri alipigania wanawake wa chuo wapewe marupurupu sawa na wanaume. Tarehe 5 Juni 1977, akiwa na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake, alipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Ndio mwanzo wa Vuguvugu la Green Belt, ambalo limepanda miti zaidi ya milioni 50. Mwaka 2004 Profesa Wangari Maathai alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Nawauliza walimu wenzangu: ni nani ambaye angeisoma fomu ya msichana yule mwaka 1960 akaona ndani yake miti milioni 50? Hapana. Biolojia aliyoisoma ilimwelekeza kwenye maabara. Alipokuwa akichunguza kupe wanaoeneza ndigana kali ya ng'ombe, ndipo alipoiona mito imejaa udongo na ng'ombe waliokondeana kwa kukosa malisho. Na alipoketi na wanawake wa mashambani, aliwasikia wakilalamika kwamba kuni zimeadimika na maji safi hayapatikani. Aliunganisha alichokiona na alichokisikia. Si cheo cha chuoni kilichomfikisha hapo, bali mazoea ya kutazama na kusikiliza. Sasa tujiulize kama fomu zetu zina mahali pa kuyaandika mazoea hayo.

Binti asiyekuwa na cheo

Nitatoa mfano wa karibu zaidi. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akilipiwa karo na shirika moja ambalo sitalitaja. Alikuwa mtoto wa mjane, mpole, mwenye alama nzuri. Mwishoni mwa mwaka wa pili alitakiwa kuijaza ripoti ya mfadhiliwa. Sehemu ya uongozi aliiacha wazi. Sehemu ya huduma kwa jamii aliandika mstari mmoja, kwamba siku moja alishirikiana na wenzake kusafisha soko. Katika malengo ya kazi aliandika kwamba angependa kuwa afisa wa mawasiliano katika shirika la kimataifa. Haukupita muda mrefu akaletewa barua ya kumwarifu kwamba ufadhili wake ungefikiriwa upya, kwa kuwa hakuonyesha dalili za uongozi.

Alikuja ofisini kwangu na barua hiyo, akitaka nimwandikie maneno ya kumwombea. Nilimwuliza Jumamosi zake huzitumiaje, kwa sababu nilikuwa nimeona darasani kwamba kila tulipogusia Lugha ya Ishara ya Kenya, yeye ndiye aliyekuwa na maswali ya mtu aliyeitumia, si ya mtu aliyeisoma.

Ndipo akanisimulia. Karibu na chumba alichopanga alikuwapo mama mmoja kiziwi, muuza mboga. Walizoeana, na mama yule akawa anamfunza ishara, moja moja, akimpimia sukuma wiki. Siku moja alimsindikiza kliniki, akagundua kwamba mama yule alikuwa amepewa dawa mara mbili hapo nyuma bila ya kuelewa azimeze vipi. Tangu siku ile, kila Jumamosi asubuhi alikuwa akienda katika kliniki hiyo na kukaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Viziwi wa mtaa ule wakapashana habari. Waliokuwa na shida siku za katikati ya juma walimwandikia ujumbe kwa simu. Alikuwa amefanya hivyo kwa miezi 18.

Nilimwuliza kwa nini hakuandika neno juu ya hayo.

"Lakini Daktari," alinijibu, "hiyo si huduma. Mama yule ni jirani yangu."

Jibu hilo limenifikirisha mara nyingi. Binti huyu alilelewa katika mila inayosema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwake, kuutangaza wema wake kulikuwa ni kuutia doa. Hakuwa ameficha kitu kwa unyenyekevu wa kujionyesha. Kwa hakika hakujua kwamba jambo lile lina jina katika fomu. Na shirika lililokuwa likimlipia halikuwa na nia mbaya. Liliuliza kuhusu uongozi, na yeye hakuwa mwenyekiti, wala katibu, wala mweka hazina wa chama chochote.

Msomaji asidhani kwamba alichokifanya ni jambo dogo. Shule za viziwi zilianza hapa nchini mapema katika miaka ya 1960, Nyang'oma na Mumias zikiwa miongoni mwa zile za mwanzo, lakini kwa miaka mingi watoto walikatazwa kutumia mikono yao, wakalazimishwa kusoma midomo. Ilichukua juhudi za viziwi wenyewe, na za wanaisimu kama marehemu Profesa Okoth Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kuthibitisha kwamba ishara zao ni lugha kamili yenye sarufi yake, wala si Kiingereza au Kiswahili kilichowekwa mikononi. Katiba ya mwaka 2010 iliitambua lugha hiyo, ikaiagiza serikali kuikuza na kuifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo, kutoka kwenye Katiba hadi kwenye benchi la kliniki ya mtaani ni safari ndefu, na binti yule alikuwa ameshika sehemu yake ya njia.

Nilimwambia aandike upya. Nakala ya kwanza aliyoniletea ilinisikitisha kuliko ile ripoti tupu. Alikuwa ameandika kwamba "alianzisha mradi wa kuwawezesha walemavu kupitia mawasiliano jumuishi". Nilimrudishia nikamwambia, "Hukuanzisha mradi. Ulikwenda kliniki. Andika kwamba ulikwenda kliniki." Nakala ya tatu ndiyo iliyokwenda. Ilieleza siku, saa, mahali, na kazi yenyewe. Ilieleza pia mipaka yake: kwamba hakuwa mkalimani aliyehitimu, na kwamba palipokuwa na jambo zito, kama vile upasuaji, aliwaomba wauguzi watafute mkalimani mwenye cheti. Nami niliambatisha barua yangu, yenye mambo niliyoyajua na yasiyozidi hapo.

Shirika lilikubali, na karo yake ikaendelea kulipwa hadi alipohitimu. Nililifurahia jambo hilo. Pamoja na hayo, sikuacha kujiuliza kuhusu wale ambao barua kama ile iliwafikia na hawakuwa na mlango wa kubisha.

Huduma ya hiari na ya lazima

Yamkini msomaji atasema kwamba dawa ni kuifanya huduma iwe ya lazima, ili kila mwanafunzi awe na la kuandika. Jambo hili limewahi kujaribiwa, nasi tuna la kujifunza. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria iliyowataka wasomi kulitumikia taifa katika Jeshi la Kujenga Taifa na katika kazi za umma kwa malipo pungufu. Bango mojawapo lilidai kwamba enzi ya mkoloni ilikuwa afadhali. Mwalimu Julius Nyerere aliwafukuza wanafunzi zaidi ya 300 wakarudi makwao, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirejeshwa chuoni baadaye, na mwaka 1967 ukatoka waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea.

Nyerere mwenyewe alikuwa amelipiwa masomo Edinburgh kati ya mwaka 1949 na 1952, kwa hivyo alilijua deni hilo kutoka ndani. Aliwahi kumlinganisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Asiporudi, huyo ni msaliti. Mfano huo una nguvu hata leo. Lakini tuangalie kwa makini: katika mfano huo mtu yule hakutumwa kwa fimbo. Alitumwa kwa kuaminiwa. Naamini kwamba Mwalimu alifaulu zaidi pale alipoukata mshahara wake kuliko alipowafukuza vijana, maana kijana huiga anachokiona kwa mkubwa wake.

Sisemi kwamba lazima haina nafasi kabisa. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kwa miaka mingi wamepelekwa katika vituo vya afya vya mashambani kama sehemu ya masomo yao, na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Marekani jijini Nairobi, USIU, kimekuwa kikiwataka wanafunzi wake wafanye huduma kwa jamii kabla ya kuhitimu. Nao Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeiingiza huduma kwa jamii katika masomo ya shule. Mipango kama hiyo humfungulia kijana mlango ambao pengine asingeubisha. Ila mlango si nyumba. Thamani ya huduma huonekana pale saa zinazotakikana zinapokwisha na kijana bado yupo.

Hapa pana jambo la haki ambalo wengi hawalioni. Mwanafunzi maskini ndiye anayeulizwa zaidi kuhusu vyama na huduma, kwa kuwa ndiye anayeomba msaada. Naye ndiye mwenye wasaa mchache zaidi. Jumamosi ambayo mwenzake huitumia katika klabu ya mijadala, yeye huitumia kufua nguo za watu au kuuza vocha za simu ili apate nauli na chakula. Kumhukumu kwa wembamba wa orodha yake ni kumwadhibu kwa umaskini ule ule uliomfanya aombe.

Malengo ya kazi

Swali la tatu ndilo linalojibiwa kwa uongo mwingi zaidi, ingawa si uongo wa kukusudia. Kijana wa miaka 19 huulizwa atakuwa nani baada ya miaka kumi, naye huandika anachodhani kinatakiwa. Miaka fulani wote watataka kuwa wahandisi. Miaka mingine wote watakuwa wataalamu wa kompyuta. Yule binti wangu wa isimu hakuwa na haja ya kuwa afisa wa mawasiliano. Nilipomwuliza kwa faragha, aliniambia kwamba alitaka kuwa mkalimani wa mahakama, kwa sababu alikuwa ameona kiziwi akijibu mashtaka kwa kutikisa kichwa, na hakuna aliyejua kama anakubali au anaomba aelezwe upya. Kwa nini hakuandika hivyo? Alidhani ni lengo dogo, lisilofaa kuonyeshwa wafadhili.

Lengo dogo lenye sababu ni bora kuliko lengo kubwa lisilo na mizizi. Tena lengo si kiapo. Wangari Maathai hakuwavunjia ahadi waliomlipia kwa kutoka kwenye darubini akaingia kwenye vitalu vya miche. Alilipa deni lao kwa sarafu ambayo hawakuitarajia. Mfadhili mwenye busara hamfungi kijana kwa jina la kazi. Humwuliza anaona shida gani karibu naye, na masomo yake yanamsaidia vipi kuielewa.

Tufanye nini?

Kwa wafadhili, pendekezo langu ni dogo na halina gharama. Ongezeni swali moja: "Ukiondoka hapo ulipo kesho, ni nani atakayekukosa, na kwa sababu gani?" Mwenyekiti wa vyama saba atatatizika kulijibu ikiwa uenyekiti wake ulikuwa wa karatasi. Muuza mboga aliye kiziwi angemjibia binti yule bila ya kusita. Kadhalika, mpeni mwanafunzi ruhusa ya kujibu kwa Kiswahili akitaka. Nimeona vijana wanaoandika Kiingereza cha kukariri wakageuka kuwa watu wazima wenye mawazo pindi walipoandika kwa lugha wanayoiota.

Kwa walimu wenzangu, hasa wa shule za upili, barua za mapendekezo tunazoandika zimechakaa. Kila mwanafunzi ni "mwenye bidii, mwaminifu na mwenye kipawa cha uongozi". Sifa zinazogawiwa wote hazimsaidii yeyote. Tuandike kitendo kimoja tulichokiona kwa macho yetu, tukitaje siku na mahali. Na ili tukione, sharti tuwajue wanafunzi wetu nje ya rejista ya mahudhurio. Swali la Jumamosi lilinichukua dakika moja.

Kwa wanafunzi, msikimbilie vyeo kwa sababu ya fomu. Jiungeni na chama kimoja au viwili ambavyo mtavifanyia kazi. Wekeni daftari dogo mwandike mlichokifanya na tarehe yake, si kwa kujisifu, bali kwa sababu anayewadhamini ana haki ya kujua. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri; na kueleza ulichokitoa, kwa maneno yasiyozidi ukweli, si majivuno. Ukiulizwa umefanya nini kwa jamii, anza na jirani, kisha tazama ng'ambo yake. Ukiulizwa utakuwa nani, sema unachokijua leo na uwe radhi kubadilika kesho ukijua zaidi.

Hazina ya ufadhili katika nchi hii haitoshi na haitatosha hivi karibuni. Kila nafasi inayopewa asiyestahili kwa sababu ya ulimi wake ni nafasi iliyotoka mikononi mwa mtoto fulani aliyenyamaza. Muhula huu fomu zitakapofika mezani petu, tuwatafute kwanza hao walionyamaza, tuwaulize wanafanya nini siku za Jumamosi, kisha tuketi nao wayaandike waliyoyatenda.